Kuchagua Kasino ya Mtandaoni: Ipi Itangulie na Ipi Iepukwe

Mtu anayeweka pesa katika kasino ya mtandaoni ananunua kitu, ingawa ni nadra kujiona mnunuzi. Ananunua muda wa kucheza, na bei ya muda huo ni ile sehemu ndogo ambayo kasino hujiwekea katika kila dau kwa mujibu wa hesabu za mchezo wenyewe. Wapo wanaokula na wapo wanaoliwa, lakini kadiri madau yanavyoongezeka ndivyo fungu la kasino linavyozidi kuwa la uhakika. Kwa sababu hiyo mwongozo huu hautafuti kasino inayosifiwa kwamba inalipa sana, kwa maana hakuna kasino iliyofunguliwa ili ipate hasara. Unazipanga kasino kwa maswali mawili: ni nani anayeweza kuilazimisha inilipe nilichoshinda, na ni nani anayeweza kuilazimisha inifungie mlango siku nitakapoomba nifungiwe? Uzuri wa tovuti, wingi wa michezo na ukubwa wa bonasi huja baada ya hayo, tena kwa mbali.

Sheria ya mahali unapoishi hutangulia mpangilio wowote. Australia, kwa sheria yake ya mwaka 2001, inazikataza kampuni kuwapa wakazi wake michezo ya kasino kwa intaneti, ilhali jimbo la New Jersey nchini Marekani limeiruhusu tangu Novemba 2013 chini ya usimamizi wake lenyewe. Leseni iliyotolewa ng'ambo haikupi ruhusa ambayo nchi yako imekunyima. Umri nao si wa kudanganya: nchi nyingi zimeweka miaka 18, na majimbo mengi ya Marekani miaka 21, na anayeandika umri wa uongo hujinyima ushindi wake mwenyewe, kwa kuwa ukweli utajulikana siku ya kukaguliwa kitambulisho.

Nafasi ya kwanza: kasino yenye leseni ya nchi unayoishi

Kasino iliyopewa leseni na mamlaka ya nchi yako ndiyo ninayoiweka mbele ya zote, kwa sababu mlalamikaji na mlalamikiwa wako chini ya sheria moja, na mamlaka inaweza kuitoza faini kampuni hiyo au kuipokonya leseni. Faida ya pili ni kubwa kuliko hiyo, ingawa haitangazwi sana. Katika nchi zenye udhibiti mkali, mchezaji anaweza kujifungia nje ya kasino zote zenye leseni kwa ombi moja tu. Denmark ina ROFUS, Sweden ina Spelpaus, Ujerumani ina OASIS, na nchini Uingereza kila kampuni ya kamari ya mtandaoni yenye leseni imelazimika kujiunga na GAMSTOP tangu mwisho wa Machi 2020.

Wachezaji wengi hulalamika kwamba udhibiti wa aina hii unawabana. Ni kweli unabana. Ujerumani, kwa mkataba wa majimbo ulioanza kutumika Julai 2021, imeweka kikomo cha kawaida cha euro 1,000 kwa mwezi katika kampuni zote kwa pamoja, na sloti, yaani michezo ya mashine inayozungusha picha, haziruhusiwi kupokea zaidi ya euro 1 kwa mzunguko. Uingereza ilipiga marufuku kadi za mkopo katika kamari mwezi Aprili 2020, na mwaka 2025 ikaweka kikomo cha pauni 5 kwa kila mzunguko wa sloti za mtandaoni, na pauni 2 kwa vijana wa miaka 18 hadi 24. Mipaka hii imezaliwa na madhara yaliyoonekana kwa watu wenye familia na mishahara, na kasino inayoifuata inauza bidhaa yenye breki. Hiyo ndiyo bidhaa ninayoipendekeza, hata kwa mtu anayejiamini kwamba breki hataihitaji.

Nafasi ya pili: leseni ya nje iliyo madhubuti

Pale ambapo sheria ya nchi haikatazi, lakini haina leseni yake kwa michezo ya mtandaoni, kinachofuata ni kasino yenye leseni ya mamlaka ya nje inayoheshimika, kama vile ya Malta, Gibraltar au Isle of Man, mradi kasino hiyo inaruhusiwa kupokea wachezaji wa nchi yako. Soma orodha ya nchi zilizokatazwa katika masharti yake kabla ya kujisajili, na usijifiche kwa kutumia mtandao binafsi wa VPN, kwa sababu kasino itapata kisingizio halali cha kuzuia malipo.

Hata hivyo, leseni peke yake haitoshi. Mwaka 2011 kampuni ya poka (mchezo wa karata) ya Full Tilt Poker, iliyokuwa na leseni ya kisiwa cha Alderney, iliporomoka, na waendesha mashtaka wa Marekani walieleza kwamba ilikuwa ikidaiwa na wachezaji takriban dola milioni 390 huku benki ikiwa na takriban milioni 60 tu. Pesa za wachezaji zilikuwa zimechanganywa na pesa za kampuni na kutumiwa. Basi tafuta katika masharti kifungu kinachoeleza pesa za wateja zinawekwa wapi. Kampuni zenye leseni ya Uingereza zinalazimika kutaja kiwango cha ulinzi wa pesa hizo iwapo zitafilisika, na kimojawapo cha viwango hivyo ni kwamba hakuna ulinzi wowote. Imeandikwa wazi, na wengi hujisajili bila kuisoma. Salio la kasino si akiba ya benki. Lisikae huko hata usiku mmoja zaidi ya inavyohitajika.

Nafasi ya tatu: leseni nyepesi

Zipo leseni zinazopatikana kwa urahisi na ambazo mamlaka yake haina mazoea ya kumsikiliza mchezaji. Curaçao ilijulikana hivyo kwa miaka mingi: wenye leseni kuu wachache walikuwa wakigawa leseni ndogo kwa tovuti nyingi, na mchezaji aliyedhulumiwa alirudishwa kwa yule yule aliyenufaika na tovuti hiyo. Sheria mpya iliyoanza Desemba 2024 imeufuta mfumo huo na kuunda mamlaka moja inayotoa leseni moja kwa moja. Ni hatua njema, ila sifa ya mamlaka hujengwa kwa maamuzi yake, na mimi nisingeweka hapo pesa ambayo kuzuiliwa kwake kwa mwezi kungeniumiza.

Nafasi ya mwisho: tovuti isiyo na leseni

Hii isinunuliwe kabisa. Mara nyingi hujitambulisha kwa kupokea sarafu za kripto pekee, kutotaja jina la kampuni wala nchi iliposajiliwa, na kutokuomba kitambulisho mpaka siku ya kutoa ushindi. Malipo ya kripto yakishaondoka hayarudishwi na mtu. Mbaya kuliko zote ni zile zinazojitangaza kwamba haziko katika mfumo wa kujifungia. Tangazo hilo humlenga mtu aliyekwisha kukiri kwamba anaumia na akaomba msaada, na sioni neno la staha la kuelezea biashara hiyo.

Namna ya kuhakiki

Nembo iliyo chini ya ukurasa ni picha tu, na picha hunakiliwa. Chukua namba ya leseni, fungua mwenyewe tovuti ya mamlaka kwa kuandika anwani yake badala ya kubofya nembo, kisha tazama katika rejista mambo matatu: kama leseni iko hai, kama jina la kampuni ni lile lile, na kama anwani ya tovuti unayoitumia imeorodheshwa herufi kwa herufi. Matapeli hupenda kuunda tovuti inayofanana na ya kampuni halali kwa tofauti ya herufi moja.

Baada ya hapo, thibitisha utambulisho wako kabla ya kuweka pesa, weka kiasi kidogo kabisa, kisha omba kukitoa. Masharti mengine hudai pesa ichezwe angalau mara moja kabla ya kutolewa, nalo ni jambo la kulijua mapema. Kasino inayochelewesha kutoa kidogo haitafanya haraka kwa kikubwa. Angalia pia kama inakuonyesha kitufe cha kughairi ombi la kutoa pesa wakati unasubiri. Kitufe hicho kimewekwa ili urudi mezani, na Uingereza imekipiga marufuku.

Orodha za "kasino bora" zinazosambaa mtandaoni nazo zisomwe kwa tahadhari. Nyingi hulipwa kamisheni kwa kila mchezaji anayepelekwa, na mara nyingi kamisheni hiyo ni sehemu ya pesa atakazoliwa mchezaji huyo. Anayekushauri kwa malipo ya namna hiyo hunufaika kwa hasara yako.

Bonasi, kwa hesabu

Tuseme umepewa bonasi ya 100, kwa sharti la kuizungusha mara 35 kabla ya kutoa chochote. Maana yake ni kwamba utaweka madau ya jumla ya 3,500. Ukicheza sloti inayorejesha asilimia 96, kasino inatarajia kubaki na asilimia 4 ya kiasi hicho, yaani 140. Bonasi ya 100 imekugharimu 140 kwa wastani. Sharti likiwa mara 10, madau ni 1,000 na gharama inayotarajiwa ni 40, hivyo zawadi inabaki zawadi. Na mara 10 ndicho kikomo cha juu kilichowekwa nchini Uingereza tangu Januari 2026. Fanya hesabu hii kila mara, kisha tafuta vifungu vinavyobana dau la juu wakati bonasi ingali hai na kiwango cha juu cha kutoa. Ukiona hesabu inakushinda, ikatae bonasi. Pesa yako isiyo na bonasi hutoka bila masharti hayo.

Mchezo upi unakula polepole

Ruleti ni gurudumu linalozungushwa na kijipira kikatua katika kishimo chenye namba. Ya Ulaya ina vishimo 37 na fungu la kasino ni asilimia 2.7, ya Kimarekani ina vishimo 38 kwa malipo yale yale, na fungu hupanda hadi asilimia 5.26. Hakuna sababu ya kuchagua ya pili ikiwa ya kwanza ipo. Katika bakara, mchezo wa karata wa pande mbili ziitwazo mchezaji na benki, dau la upande wa benki hugharimu asilimia 1.06, ilhali dau la sare hugharimu zaidi ya asilimia 14. Blakijaki, mchezo wa karata wa kukaribia 21 bila kuipita, ikichezwa kwa mkakati sahihi inaweza kushuka hadi karibu nusu ya asilimia moja, kutegemea kanuni za meza. Kwa sloti, fungua ukurasa wa maelezo ndani ya mchezo wenyewe, kwa sababu watengenezaji hutoa mchezo uleule kwa viwango tofauti vya marejesho, na kasino huchagua inachokitaka.

Asilimia bila kasi haitoshi, na hapa ndipo wengi hupotea. Meza ya ruleti yenye mchezeshaji halisi ikizungushwa mara 50 kwa saa kwa dau la 1, gharama ya wastani ni 1.35 kwa saa. Sloti ya asilimia 96 ikibofywa mara 600 kwa saa kwa dau lile lile, gharama ni 24. Dau ni moja, tofauti ya asilimia inaonekana ndogo, lakini saa moja ya sloti imekuwa ghali karibu mara kumi na nane. Ndiyo maana Uingereza inataka kila mzunguko wa sloti uchukue angalau sekunde 2.5, na Ujerumani sekunde 5. Mtu anayetaka burudani ndefu kwa pesa chache achague mchezo wa taratibu.

Breki za kuweka kabla ya kuanza

Panga kikomo cha kuweka pesa siku ya kujisajili, ukiwa na akili tulivu, na kiwe kiasi ambacho kikiliwa chote hakuna bili wala karo itakayotikisika. Pesa ya kukopa isiingie kabisa. Kasino nzuri hupunguza kikomo papo hapo na kuchelewesha ombi la kukiongeza. Ile inayokiongeza dakika hiyo hiyo imeshindwa mtihani. Weka pia kikomo cha muda, kwa sababu uchovu huharibu uamuzi sawa na pombe.

Mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, katika toleo la mwaka 2013, uliuhamishia uraibu wa kamari katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya, na ukaorodhesha dalili tisa. Nne katika miezi 12 zinatosha kuutambua. Miongoni mwake ni kuongeza dau ili kupata msisimko uleule, kurudi kesho kuzifuata pesa zilizoliwa jana, kuwaficha watu wa nyumbani, kucheza ili kukimbia huzuni, na kutegemea wengine wakuokoe na madeni. Anayejiona katika mbili tu kati ya hizo asingoje ya nne. Vikundi vya Gamblers Anonymous, vilivyoanza Los Angeles mwaka 1957, hukutana katika nchi nyingi. BetBlocker ni programu ya bure inayozuia tovuti za kamari kwenye simu na kompyuta. Na baadhi ya benki hukuruhusu kuzuia malipo ya kamari kwenye kadi yako.

Ukiamua kujifungia, chagua muda mrefu kuliko unaodhani unahitaji, kwa kuwa mfumo kama GAMSTOP, ambao muda wake mfupi kabisa ni miezi sita, haukubali kufutwa kabla ya wakati, na uimara wake uko hapo hapo. Usisite kwa sababu ya salio lililobaki katika akaunti: pesa hiyo ni yako bado, na kasino yenye leseni ya kweli inapaswa kukurudishia hata baada ya mlango kufungwa.