Kidude cha Shingoni na Paka Aliyepotea Mji Mkongwe: Uzoefu Wangu

Kumtafuta paka mmoja katika Mji Mkongwe wa Unguja ni kazi ya kuchosha, kwani kila unayemuuliza amemwona paka, na kila paka aliyemwona ni mweupe mwenye mkia mweusi. Kwa kuhofia hilo nilinunua kidude cha kutafutia vitu, chenye umbo la sarafu nene, nikamfunga paka wangu, Shombo, shingoni, na miezi mitano baadaye nikakihitaji kwelikweli.

Ifahamike kwanza kwamba kidude cha aina hii hakizungumzi na setilaiti. Hutoa mawimbi ya bluetooth, na simu ya mpita njia, ikiwa ni ya mtandao unaokitambua, huyanasa na kumtumia mwenye paka mahali ilipo simu hiyo kupitia intaneti.

Shombo alikimbia asubuhi mafundi walipopanda kubandua mabati ya nyumba yetu, Kiponda. Ramani ilionesha alama mara moja tu, saa nne, kwenye njia ya Hurumzi wanakopita watalii wengi, kisha ikanyamaza. Nikajiaminisha kwamba amefuata harufu ya samaki hadi Malindi, nikapoteza huko siku nzima pamoja na fungu la vibua, ambalo paka wasionihusu walilifaidi. Kosa lilikuwa la kusoma vibaya: ile alama haikuwa mahali alipo paka, bali mahali ilipokuwa simu ya mwisho iliyomsikia. Akiingia nyuma ya kuta zetu nene za mawe na chokaa, mawimbi hayo hufifia, na katika kichochoro kisicho na mpita njia hakuna wa kuyapokea.

Bibi mmoja jirani, aliyekuwa amekaa barazani kwake, alinisaidia kuliko ramani. "Mwanangu, paka mwoga haendi mbali," aliniambia. "Hujibana akanyamaza, hata ukimwita hakuitiki. Mtafute watu wakishalala."

Usiku wa tatu, saa tano, nilichukua tochi na vibua vichache, nikaanzia Hurumzi kurudi nyumbani, nikisimama kwenye kila gofu na kubonyeza kitufe cha kuliza kengele. Kwenye gofu la tatu simu iliunganika, na sauti nyembamba ikalia chini ya ngazi iliyobomoka. Nilipomulika, macho mawili yaling'aa gizani. Kutoka pale hadi mlangoni kwangu hazizidi hatua sitini.

Kwa hiyo kidude kilinifaa, ila kwa namna nisiyoitarajia: kengele ndiyo iliyompata paka, si ramani. Ukanda uliouzwa pamoja nacho niliutupa, kwa sababu haufunguki ukinaswa na msumari, na paka apandaye mapaa anaweza kunyongeka. Nunueni ule ambao kifungo chake huachia chenyewe. Anayeishi shamba, ambako wapita njia ni wachache, simshauri akinunue. Vipo vya setilaiti vyenye laini ya simu, ingawa ni vizito zaidi na huhitaji kuchajiwa mara kwa mara.

Nimekipa nyota tatu kati ya tano. Ya nne ningeiongeza kama kengele yake ingesikika pia mchana, pikipiki zinapopita.