Uga wa umeme au uga wa sumaku: upi unapinda chembe vizuri zaidi?

Wanafunzi wa Lubumbashi wanaojiandaa kwa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, huzichanganya nyuga hizi mbili (yaani maeneo ambamo kani ya umeme au ya sumaku inafanya kazi) kila mwaka.

Uga wa umeme hausumbui. Unaisukuma chaji hata ikiwa imetulia, F = qE (kani ni chaji q mara uga wa umeme E), na elektroni inakimbilia bamba chanya. Ikianzia kwenye utulivu na kuvuka volti 100, inafikia takriban kilomita 5,900 kwa sekunde.

Uga wa sumaku una vituko. Chaji iliyosimama hauigusi kabisa. Ikitembea na kuukata uga kwa pembe mraba, kani qvB (chaji mara kasi v mara uga wa sumaku B) inaivuta kwa ubavu tu; inazunguka duara bila kuongeza mwendo hata kidogo. Ukiandika kwamba sumaku imeipa nishati, maksi zimekwenda.

Mwambie fundi wa Kamalondo akufungulie televisheni ya zamani, ile yenye kichogo. Shingoni mwa tyubu utaona koili za shaba (labda ya Katanga hii hii, nani ajue): hizo ndizo zinazopinda elektroni. Osiloskopu za zamani, vifaa vya kuonyesha mawimbi ya umeme kwenye kioo, zilitumia mabamba yenye volti, maana volti hubadilika upesi kuliko mkondo ndani ya koili.

Kwa chembe zenye mwendo mkali, mimi nachagua sumaku. Karibu na kasi ya nuru, uga wa sumaku wa tesla 1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga huo) unasukuma sawa na uga wa umeme wa volti milioni 300 kwa mita, ilhali hewa hutoa cheche kwenye milioni 3 hivi. Ndiyo maana LHC, mashine ya kuharakisha chembe ya kituo cha utafiti cha CERN, yenye mzunguko wa kilomita 27, hupinda protoni kwa sumaku za tesla 8 hivi, na kazi ya kuziongezea nishati inauachia uga wa umeme.