Kamusi ya BBI: Pale "ya" yetu inapokataa kuwa "of"

Kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikitafsiri ripoti, mikataba na maombi ya ufadhili kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, na katika muda wote huo kitabu kilichochakaa kuliko vyote mezani pangu si kamusi ya kawaida ya maana. Ni BBI, kamusi ambayo jina lake limetokana na herufi za kwanza za majina ya watunzi wake watatu, Morton Benson, Evelyn Benson na Robert Ilson, na ambayo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1986 na kampuni ya John Benjamins. Nakala yangu ni ya toleo la 1997, niliyoinunua kwa muuza vitabu vya mitumba jijini Dar es Salaam ikiwa na jalada lililobanduka pembeni. Ninaiandikia tathmini kwa sababu wanafunzi na watafsiri chipukizi huniuliza mara kwa mara wanunue kamusi gani ya Kiingereza, na nikiwachunguza huona kwamba wengi wao wanajua maana za maneno vizuri kabisa. Wanachokwama ni neno gani lisimame karibu na lipi.

Mtu anayeifungua kwa mara ya kwanza hudhani ameuziwa kitu pungufu, kwa kuwa karibu kila kidahizo, yaani neno linaloorodheshwa, hakina fasili ya maana yake. Chini ya neno kuna orodha yenye namba inayoonyesha vitenzi vinavyoandamana na nomino hiyo, vivumishi vinavyoipamba, kihusishi (kama "in", "to" au "for") kinachoitangulia au kuifuata, na vishazi vifupi vya mfano. Hii ni kamusi ya anayeandika. Anayesoma na kukutana na neno geni hatapata msaada mkubwa humu, na asiilaumu kwa hilo.

Jambo la kwanza la kuzoea ni kwamba mlango wa kuingilia ni nomino. Sisi husema mtu amekata rufaa, kama tunavyosema amekata tamaa, amekata kiu au amekata shauri, na anayetaka kuyasema hayo kwa Kiingereza hapati faida yoyote kwa kutafuta kitenzi chenye maana ya kukata. Anachokijua kwa yakini ni rufaa, yaani "appeal", kwa hiyo aende huko akatafute "file" na "lodge" kwa upande wa anayeikata, na "dismiss" au "reject" kwa upande wa mahakama inayoitupa. Vivyo hivyo kwa kiapo: sisi tunakila, Waingereza "wanakichukua" ("take"). Watunzi walielewa kwamba mwandishi huanza na kitu anachotaka kukizungumzia, kisha ndipo anapotafuta kitenzi cha kukibeba, na wakaipanga kamusi nzima kufuata mwendo huo wa fikra.

Walifanya pia jambo ambalo msemaji wa Kiswahili atalipenda mara moja. Waligawa vitenzi vinavyoandamana na nomino katika makundi mawili, vile vinavyoleta jambo au kulifanya lianze, na vile vinavyoliondoa au kulibatilisha. Katika lugha yetu uhusiano huo mara nyingi unaonekana ndani ya kitenzi chenyewe, kwa kuwa anayetega mtego huutegua, na aliyetega kitendawili husubiri kiteguliwe. Kiingereza hakina mnyambuliko wa aina hiyo unaoweza kutegemewa, kwa hiyo kila nomino huja na jozi yake. Marufuku huwekwa kwa "impose" na kuondolewa kwa "lift". Leseni hutolewa kwa "issue" na kufutwa kwa "revoke". Kuzipata jozi hizo zikiwa mahali pamoja kunaokoa muda mwingi katika tafsiri za kisheria.

Lakini thamani kubwa ya kamusi hii kwa msemaji wa Kiswahili iko kwenye vihusishi, na hapo sina budi kukaa kidogo. Mteja mmoja aliwahi kunirudishia ripoti ya mradi wa maji ikiwa imejaa alama nyekundu, na nilipozipitia niliona kwamba nyingi zilikuwa juu ya neno moja dogo, "of". Niliudhika, kisha nikajikagua. Kiswahili kina kiunganishi cha -a, ambacho hubadilika kuwa ya, la, wa, cha na kadhalika, na kiunganishi hicho kinabeba karibu kila uhusiano wa nomino mbili. Tunasema ongezeko la bei, suluhisho la mgogoro, sababu ya kuchelewa, mahitaji ya maji, haki ya elimu, na sikio letu halisikii tofauti yoyote kati yake. Kwa Kiingereza kila mojawapo huenda njia yake: "increase in prices", "solution to the conflict", "reason for the delay", "demand for water", "right to education". Mfasiri anayechoka saa tano usiku huandika "of" kila mahali, kwa sababu ndiyo tafsiri ya kwanza ya -a aliyofundishwa darasani, na kila sentensi inaonekana kwake kuwa sahihi.

Katika utangulizi, watunzi wa BBI wanaeleza kwamba hawakuorodhesha nomino zinazofuatwa na "of", kwa kuwa waliuona muungano huo kuwa huru na wa kutabirika. Niliposoma hivyo mara ya kwanza niliona ni upungufu. Baada ya ile ripoti nilielewa kwamba, bila wao kutukusudia, wametupatia sisi chombo kinachotufaa kuliko yeyote. Walichokiacha ndicho tunachokifanya tayari kwa mazoea ya lugha yetu, na walichokichapa ni mahali hasa ambapo mazoea hayo yanatuangusha. Siku hizi, kabla ya kukabidhi kazi, ninapitia kila "of" inayounganisha nomino mbili na kuikagua ile nomino ya kwanza ndani ya BBI: nikikuta kihusishi kingine kimeandikwa, ninasimama na kufikiri. Si kila mara kwamba "of" ni kosa, kwa sababu ongezeko la asilimia 10 hubaki "an increase of 10 per cent" huku ongezeko la bei likiwa "an increase in prices", lakini kule kusimama peke yake kumepunguza sana makosa yangu.

Upande wa vitenzi una hazina ya aina hiyohiyo, ingawa imefichwa nyuma ya herufi. Kuna mifumo 19 ya vitenzi, yaani namna kitenzi kinavyopangwa pamoja na maneno yanayokifuata, iliyopewa alama kuanzia A hadi S, na kila kitenzi kina alama zake. Kazi ya kuorodhesha mifumo ya namna hii haikuanza kwao; mtunga kamusi Mwingereza A. S. Hornby na wenzake waliainisha mifumo 25 katika kamusi iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942. Kwetu sisi mfumo wa B ndio wa kuukariri kabla ya mingine yote. Kiswahili kwa kauli ya kutendea humpa mtu nafasi ndani ya kitenzi bila shida yoyote: alinieleza, alinitajia, alinipendekezea, alininunulia, alinitumia. Kiingereza huvigawa vitenzi hivyo bila kuweka dalili ya nje. Kitenzi "send" ni cha A, kwa hiyo "he sent me a letter" ni sawa. "Buy" ni cha C, nacho hukubali "he bought me a shirt". Lakini "explain", "mention", "suggest" na "describe" ni vya B, na vyote hudai "to" kabla ya mtu. Sentensi "he explained me the problem", ambayo nimeisahihisha kwenye kazi za wanafunzi wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, ni Kiswahili sahihi kilichovishwa maneno ya Kiingereza. Hakuna kamusi ya maana itakayomwonya mwandishi wake kwa uwazi kama ile herufi B moja.

Ugumu wa kamusi uko papo hapo. Herufi hizo hazina uhusiano wowote na maana yake, na asiyesoma utangulizi atazipita kama alama za mapambo. Ninamshauri mnunuzi atenge siku mbili za utangulizi peke yake, kisha anakili jedwali la mifumo na kulibandika ukutani. Kasoro nyingine ni kwamba orodha hazisemi ni muungano gani hutumika kila siku na upi ni wa nadra, hivyo mwanafunzi anaweza kuchagua kitenzi sahihi lakini cha kizamani. Kwa upande mwingine, kamusi inatofautisha kwa uangalifu matumizi ya Uingereza na ya Marekani, jambo la maana kwetu tuliosomeshwa kwa Kiingereza cha Uingereza lakini tunaowaandikia wafadhili wa pande zote mbili: bafuni Mwingereza husema "have a bath" na Mmarekani "take a bath", nayo "different to" ya Mwingereza humkera msomaji wa Marekani.

Wengi huniuliza kama kamusi ya Oxford ya maneno yanayoandamana, iliyotoka mwaka 2002 na kurekebishwa mwaka 2009, haiifanyi BBI kuwa ya zamani. Kwa vivumishi na vitenzi vya kila nomino, ile ya Oxford ni tajiri zaidi na kurasa zake zinasomeka kwa urahisi, na toleo lake la kwanza lilijengwa juu ya korpasi, yaani mkusanyo wa matini halisi, ya Kiingereza cha Uingereza yenye maneno milioni 100. Kwa mifumo ya vitenzi haiifikii BBI. Mwenye intaneti na asiye na fedha aanze na SkELL, chombo kinachotumika bure, ambacho humwonyesha mtu sentensi halisi na majirani wa kila neno. Hata hivyo SkELL huonyesha yaliyoandikwa na watu, wala haikuambii kwamba "explain" ni cha kundi gani.

Kwa mtafsiri, mwalimu wa sekondari au mwanafunzi wa chuo anayeandika tasnifu kwa Kiingereza, ningesema ainunue BBI hata ikiwa imechakaa kama yangu. Akiweza kulipata toleo la tatu, lililorekebishwa na Ilson, ni bora zaidi, lakini la 1997 linatosha, kwa sababu "explain" haijahama kutoka B.