Homu thieta chini ya nyumba: nimelipa mimi, wanamuulizia mzee

Mnisamehe ikiwa ndefu, bado nina hasira. Nimejenga Mlimwa kwenye kiwanja cha mteremko, na mnavijua viwanja vya mlimani, mbele nyumba ya kawaida nyuma inabaki nafasi chini ambayo wengi wanafanya stoo. Mi nikasema hapana, hapa naweka sehemu ya kuangalia muvi na mpira na wanangu. Na hapa kwetu ukisema homu thieta mtu anawaza seti ya spika na sabwufa ya dukani, mi naongelea chumba chenyewe kidizainiwe, giza, viti, projekta, kila kitu. Nikapata kampuni moja hapa Dodoma, siwataji, wakaja na laptopu wakanionyesha mchoro mzuri mpaka nikatoa advansi siku hiyohiyo.

Siku ya kazi fundi mkuu kafika, kijana tu, shikamoo kaitoa nusu, anachungulia nyuma yangu anauliza, "Mzee yuko wapi tuongee nae?" Nikamwambia mzee hayupo, nyumba yangu, hela yangu, ongea na mimi. Akacheka. "Sawa mama, ila haya mambo ya kitaalamu." Nikameza, na ndo nilipokosea, ningemrudisha palepale getini.

Sasa chumba cha chini ni zege tupu, kuta zege, dari zege, chini tailizi. Nilisimama katikati nikapiga kofi moja tu, kofi likarudi likazungukazunguka mule ndani. Nikamwambia kaka sauti inagonga, weka zulia na pazia nzito kwanza, halafu mabomba ya waya wa spika za nyuma yapite sasa hivi kabla hujapiga jipsam. Akanijibu hivi, "Mama we chagua rangi ya makochi, sauti niachie mimi." Mbele ya vibarua wake! Na binti yangu wa darasa la sita kasimama pale anasikia mama yake anavyojibiwa nyumbani kwake. Hiyo sijaisahau mpaka leo.

Jipsam ikafungwa bila bomba. Waya za spika za nyuma zikapita juu ya sakafu zimebandikwa soltepu, kwa hela ile jamani. Ukutani akabandika visponji vyembamba, na sponji nyembamba inakula sauti kali za juu tu, besi inapita kama hakuna kitu, halafu sabwufa kaitupa kwenye kona na kona ndo inazidisha mvumo. Siku ya mechi ya Simba na Yanga nimeita shemeji zangu na majirani, nimepika, mtangazaji anasikika kama anaongelea ndani ya pipa, watu wakaishia kuangalia picha tu.

Nikapiga simu hapokei. Siku ya tatu kapokea, nimeanza tu kueleza akanikatiza, "Mpe mzee simu nimwelekeze."

Nilikata.

Picha lakini, niseme ukweli, picha ni nzuri mno, projekta wameifunga sawasawa, pembe zote nne zimekaa, na joto la Dodoma la mwezi wa kumi ukishuka kule chini kumepoa, wanangu hawataki kupanda. Kwa hiyo nilitaka nyota moja nikasema niwape mbili. Hata tatu, maana kazi ya umeme pia ni safi. Ila kila nikifika kwenye tatu namsikia yule kijana na makochi yake, hapana, moja inawatosha, anayedharau mwenye nyumba hawezi kusikia nyumba ina shida gani.

Tumejirekebishia wenyewe. Nimeshuka soko la Majengo nikachukua mapazia mazito na zulia nene, maneno yakaanza kusikika. Sabwufa tukaipandisha kwenye kochi ninapokaa mimi, ikawashwa, binti yangu akatembea pembeni mwa kuta kainamisha sikio karibu na sakafu, alipofika sehemu besi inasikika safi haivumi akasema "mama hapa", tukaihamishia hapohapo. Tofauti kubwa sana. Darasa la sita huyo, hajasomea chochote, kasikiliza tu.

Waya za nyuma bado ziko sakafuni, soltepu imeanza kubanduka, na kupasua jipsam mpya roho inaniuma.