Kala mkate wa wenyewe halafu karudi kama katoka dukani: uzoefu wangu na kitabu cha "watu wema" wa Ireland

Jamani naandika nikiwa na hasira, nimetoka zamu ya usiku sijalala, chai imepoa hapa pembeni, kwa hiyo mkiona narukaruka mnivumilie. Jina la kitabu silitaji, sitaki ugomvi na mtu, ila ni riwaya ya fantasia ya vijana kuhusu wale viumbe wa ngano za Ireland ambao kwa Kiingereza wanaitwa fairies. Wenye mabinti wa miaka kumi na nne, kumi na tano huku Ireland mtakijua tu, ni kile chenye kava la kijani, msichana kasimama na mti nyuma yake. Ingawa nikifikiria vizuri vyote vina kava la kijani na msichana na mti, sasa sijui nimewasaidia nini.

Nilikinunua kwa ajili ya binti yangu. Akakisoma siku mbili akakitupa kwenye kochi, nikamuuliza vipi, akasema kiko poa. Basi. Hela yote ile jibu ni kiko poa. Nikakiokota mimi, siku hizo mvua haikatiki (si kwamba kuna siku inakatika huku Clare, magharibi mwa Ireland), nikasema ngoja nione hicho kipoa chenyewe.

Na mwanzo nilimvulia kofia mwandishi, nisiwe mnafiki. Maana vitabu vingi vya aina hii wanakuletea vile vidudu vyenye mabawa ya kipepeo vinamwaga vumbi la kumeremeta, na wazee wa huku ukiwatajia hivyo wanakucheka mpaka meno yanataka kudondoka. Wale wa kwao hawana mabawa. Ni watu wazima kama mimi na wewe, wana ng'ombe, wana farasi, wanapiga muziki, wanapigana wao kwa wao, makazi yao ni chini ya vilima. Kilima chenyewe kinaitwa sí, inatamkwa shii. Masimulizi ya kale yanasema hao ndio Tuatha Dé Danann, walikuwa wenye nchi, wakaja wengine wakawashinda vita, ikagawanywa, washindi wakachukua juu na wao wakashuka chini. Na mtu anayejua mambo hawataji hivihivi, anasema "watu wema". Si kwamba wana wema wowote, ni ili wasikasirike. Mimi mtoto wa Tanga hapo sihitaji mkalimani. Kwa bibi mzaa mama ukitaja jini magharibi ulikuwa unalambwa kofi la mdomo, useme "wenyewe", tena kwa sauti ya chini.

Kitabu hayo yote kinayo. Kuna mama anaweka koleo la chuma juu ya kitanda cha kichanga akitoka nje kuchota maji, kwa sababu chuma hawakipendi, na mwandishi hakuelezi kitu, anamuonyesha tu mama analaza koleo, anatoka. Nilisisimka. Kuna na mkandarasi anataka kung'oa mti mmoja wa miiba uko peke yake shambani, wanakijiji wanagoma. Najua kuna watakaosema hapo mwandishi kazidisha chumvi. Hajazidisha. Mimi nikienda kazini napita Latoon, barabara kuu ya kutoka Limerick, mti wenyewe upo pale mpaka leo. Mwaka 1999 walitaka kuuondoa wapitishe barabara, mzee mmoja msimuliaji hadithi, Eddie Lenihan, akaandika kwenye magazeti kwamba hapo ndipo watu wema wa jimbo la Munster wanapokutana wakienda kupigana na wenzao wa jimbo la Connacht, mkiukata msije mkasema hamkuambiwa, ajali zitakazotokea ni juu yenu. Mainjinia wa serikali, watu na digrii zao, wakauacha. Baadaye mwaka 2002 kuna mtu alikwenda na msumeno wa mashine akaufyeka matawi yote, ukachipua tena. Siku ya kwanza napita na basi nilidhani nitaona mbuyu. Kumbe kichaka tu, hakinifiki hata mara mbili.

Kwa hiyo mpaka katikati ya kitabu mimi ni shabiki, nimeshamwambia dada yangu Dar kwa simu, nimeshamwambia na mwenzangu wa zamu.

Halafu ikaja ile sura.

Yule msichana anaingia ndani ya ngome. Hizi ngome za watu wema ni duara la udongo lililoinuka, zipo nchi nzima, makumi ya maelfu, wakulima wanazikwepa na trekta mpaka leo, na miji kibao jina lake linaanza na Lis, Lisdoonvarna sijui Listowel, hiyo Lis ndiyo ngome yenyewe. Anaingia, anakuta ukumbi, taa, filimbi zinapigwa, meza ndefu. Mkate umetoka jikoni sasa hivi. Siagi inayeyuka. Asali. Maziwa kwenye jagi la fedha. Nami ninayesoma nimekaa ukingoni mwa kitanda nasema mwanangu usile, usile, na yeye ameambiwa na nyanya yake toka ukurasa wa kumi usile.

Akala.

Akala vipande viwili, akajiramba vidole, akasema asante. Sura inayofuata kapanda juu, baba yake kapaki gari pale getini anamsubiri, wanarudi nyumbani, Jumatatu yuko shule. Hakuna kilichotokea! Hajapotea, hajazeeka, hajapigwa hata na kipele. Nikarudi nyuma nikadhani karatasi zimegandana. Nikahesabu namba za kurasa. Hazijagandana.

Nilifura. Jamani, sheria ziko ngapi kwenye hadithi hizi? Nyingi, sawa, lakini hii ndiyo nguzo, hata asiyejua lolote anaijua hii: ukila cha kwao wewe ni wao. Ni sawa uandike hadithi ya Oisín, yule aliyekaa kwao akidhani ni miaka mitatu kumbe mia tatu, akaambiwa ukirudi usishuke kwenye farasi, halafu umwandike anashuka, ananyoosha miguu, ananunua gazeti, anapanda tena. Sasa farasi ulimleta wa nini?

Na si mchezo wa watoto huu, watu walikufa kwa mambo haya. Mwaka 1895 huko Ballyvadlea, Tipperary, kulikuwa na Bridget Cleary, fundi wa nguo na kofia, miaka yake 26. Akaumwa siku chache. Mume wake Michael akashika msimamo kwamba huyu si mke wangu, mke wangu wamemchukua, huyu wameniachia badala yake. Usiku ule akamlisha mkate na jemu, vipande vitatu, na kwa kila kipande ataje yeye ni nani. Viwili akala akajibu. Cha tatu akachelewa. Alimchoma moto, mbele ya ndugu zake, halafu akaenda kukaa kwenye ngome na kisu akimngojea mke wake "wa kweli" atokee amepanda farasi mweupe. Alikaa jela miaka 15. Mkate na jemu. Ndio maana nikiona mtu anautupia tu mkate kwenye hadithi kama pambo la meza, damu inachemka.

Nikamfuata binti. Nikamwambia hebu nieleze, huyu kala na karudi, inakuwaje? Hata hakutoa macho kwenye simu. "Mama, ni fantasia." Ni fantasia! Kwani fantasia ndiyo haina sheria? Hata bao lina sheria. Hata ukuti ukuti una sheria. Usiku huohuo nikaingia nikakipa nyota moja na maneno nikaandika, makali, mengine nimeyafuta baadaye.

Sasa sikilizeni kilichonitibua zaidi.

Kazini kwetu, ni nyumba ya wazee, nina bibi mmoja namhudumia chakula cha jioni, mtu wa vijijini kabisa huku Clare, miaka tisini na kitu, macho yamechoka ila akili ni wembe. Uji wa shayiri hali mpaka uutie chumvi mbele ya macho yake, daktari kakataza chumvi, kwa hiyo mimi natia punje tatu namwonyesha kwa madaha, nachanganya, anakula. Zamu zangu za mchana nilikuwa namsomea kile kitabu, kurasa mbili tatu, anafumba macho anasikiliza. Alishanisimulia kisa cha jirani wa babu yake, alikuwa anatoka kucheza karata usiku, akasikia filimbi ngomeni, akaitwa ndani, akaandaliwa meza, na kati ya wahudumu akamwona mwanamke wa kijijini kwao ambaye walishamzika. Yule mwanamke akapita nyuma yake akamnong'oneza usiguse kitu. Hakugusa. Akarudi. Bibi anasema maisha yake yote yule mzee alikuwa akialikwa kwa mtu anauliza kwanza nani kapika.

Basi nilipofika sura ile ya mkate nikamsomea huku nacheka kwa hasira, nikijua nimepata mwenzangu wa kulaumu.

Akauliza, "Amekula?"

Nikasema amekula, vipande viwili.

"Basi huyo harudi."

Nikasema ndiyo nakwambia bibi, karudi, Jumatatu kaenda shule!

Akafungua jicho moja. Akasema, "Aliyerudi siyo yeye."

Halafu akaomba uji.

Mimi kijiko kimebaki hewani. Nilirudi nyumbani sikuvua hata koti, nikakifungua kile kitabu nyumanyuma, zile sura za mwisho nilizozipita mbiombio kwa hasira. Na humo ndimo nilipoikuta. Ukurasa wa tatu kutoka mwisho, msichana yuko mezani na baba yake, wamenunua chipsi na samaki, yeye anatia chumvi. Anaonja, anatia tena. Anaonja, anatia tena. Baba anamwambia taratibu, anacheka, anaendelea na stori yake ya mpira. Basi. Mstari mmoja na nusu. Na mbwa wa pale nyumbani, nikafuatilia, toka arudi kutoka ngomeni mbwa hajaingia chumbani kwake hata siku moja, analala barazani, na hakuna mtu kwenye kitabu kizima anayesema kwa nini.

Nywele zilinisimama. Yaani nilikuwa namsikitikia mtoto aliyeponyoka kirahisi, kumbe mtoto yuko kule chini bado, na hiki kitu kinakula chipsi na baba wa watu.

Au siyo? Maana sasa na mimi sijui. Inawezekana mwandishi ni fundi wa hatari. Inawezekana pia msichana anapenda chumvi tu na mbwa ni mbwa, na mimi na bibi wa miaka tisini na kitu ndio tumemalizia kazi ya mwandishi bure bila malipo. Niliingia mpaka kwenye zile ngano walizokusanya watoto wa shule za msingi kutoka kwa wazee wao, 1937 mpaka 1939, nchi nzima, zaidi ya watoto 50,000, madaftari yao ya mkono yapo mtandaoni bure. Nilikaa mpaka saa nane usiku na Kiingereza cha miaka ile na miandiko ya watoto. Hadithi za ngome kibao. Hadithi za waliochukuliwa kibao, na waliorudishwa hawako sawa, wanakula hawashibi, wanalia hawanyamazi. Bibi hajabuni kitu.

Kwa hiyo nikarudi nikabadili, nikaweka nyota nne. Nikakaa nusu saa hasira ikanirudia. Kwa sababu kama ndivyo, ndugu mwandishi, kwa nini unanificha hivyo? Binti yangu kasoma, hakuona. Nimeuliza wenzake wawili waliosoma, hawakuona, wanasema "si alirudi?" Kitabu ni cha watoto hao, mlengwa hakuona, aliyeona ni bibi kipofu nusu kutoka kitandani na hata hakukisoma. Huo ni ufundi au ni kiburi? Nikarudisha mbili. Programu yenyewe ikaniuliza kama nina uhakika, nikaona hata mashine imenichoka.

Saa hizi imekaa tatu. Msiniulize kesho.

Kitabu cha pili wachapishaji wanasema kinatoka karibu na Samhain, ile sikukuu yao ya mwisho wa mwezi wa kumi ambapo vilima vinafunguka, biashara hiyo, wanajua watu kama mimi wapo. Nimeshalipia. Ndiyo, nimelipia, na nyota zenu tatu hizo hizo. Bibi kila zamu ananiuliza kama kimefika, namwambia bado, ananiambia kikifika nimsomee mchana, jua likizama nikifunge, na nisikiache kwenye meza ya chakula.