Una Jumamosi Tu: Ununue Nini Nakuru, Ploti au Nyumba za Kupangisha?

Mtu aliyeajiriwa anayetaka kuanza kuwekeza kwenye ardhi huishiwa na saa kabla ya kuishiwa na pesa. Kwa hiyo tumepanga mali hizi kwa kuangalia unachoweza kukagua mwenyewe kwa Jumamosi chache, na ambacho hakitakudai kila jioni kikishakuwa chako.

1. Ploti yenye hatimiliki yake

Hii ndiyo ya kuanzia. Iwe Lanet, Kiamunyi au njia ya Njoro, tafuta mahali ambapo nguzo za stima na bomba la maji vimeshafika. Ahadi ya lami usiilipie.

Fanya sachi kwanza, yaani uliza rekodi rasmi ya ploti kwa serikali. Ambako rekodi zimeingizwa kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali, utaifanya mtandaoni. Kwingine utapeleka nakala ya hatimiliki, kitambulisho na pini ya KRA kwa ofisi ya ardhi. Jibu litakuonyesha jina la mwenye ploti, ukubwa wake, na kama kuna mkopo wa benki au zuio. Irudie siku chache kabla ya kulipa salio, maana zuio linaweza kuwekwa mauzo yakiwa katikati.

Kisha soma ukubwa kwa makini. Muuzaji husema "50 kwa 100, moja juu ya nane ya ekari" kana kwamba ni kitu kimoja. Moja juu ya nane ya ekari ni hekta 0.0506, futi 50 kwa 100 ni hekta 0.0465. Hati ikiandika 0.045 nawe umelipia moja juu ya nane, umepoteza takriban mita 56 za mraba. Hiyo ni nafasi ya bedsita mbili.

Bikoni, yaani alama za mipaka, zitafutwe na mpima ardhi mwenye leseni, akiwa na ramani ya usajili mkononi, nawe ukiwa hapo hapo. Mnunuzi huonyeshwa ploti safi kando ya barabara, kumbe namba iliyo kwenye hati ni ya ploti ya ndani, bondeni. Sachi haiwezi kugundua hilo, kwa sababu makaratasi ni halali kabisa.

Nakuru ina mambo yake pia. Udongo ni wa majivu ya volkano, na sehemu za magharibi mwa mji ardhi hupasuka baada ya mvua kubwa. Ziwa Nakuru nalo limepanuka tangu miaka ya 2010 likafunika makazi upande wa Mwariki na Barut. Fungua Google Earth kwenye kompyuta, rudisha picha nyuma miaka 15, uone maji yalikuwa wapi na yamefika wapi. Halafu nenda uikanyage ploti yenyewe siku inayofuata mvua.

Tenga pesa za ushuru wa stempu: asilimia 4 mjini, asilimia 2 mashambani. Kama ni ardhi ya kilimo, ombi la idhini ya bodi ya ardhi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila idhini hiyo mauzo ni batili. Ridhaa ya mke au mume wa muuzaji iwe kwa maandishi. Na wakili awe wako, asiwe wa muuzaji pia.

2. Bedsita zenye wapangaji tayari

Zinaingiza pesa mwezi wa kwanza, ila zinataka mtaji mkubwa na keyateka mwaminifu. Usikubali daftari la muuzaji peke yake. Omba taarifa ya M-Pesa ya miezi 12, ulinganishe na idadi ya milango. Waulize wapangaji maji hutoka siku ngapi kwa wiki, na kama ni ya kisima, yapimwe floraidi, kwa kuwa visima vingi vya huku vina floraidi nyingi inayotia meno rangi ya kahawia. Mita moja ya stima kwa milango yote ni ugomvi wa kila mwezi. Hesabu gharama ya kuweka mita ndogo kila mlango.

Kitu kinachosahaulika sana ni dipositi za wapangaji. Milango 8 ya shilingi 5,000 ina dipositi 40,000 ambazo mwenye nyumba wa zamani alishapokea, na ni wewe utakayedaiwa wakihama. Zikatwe kwenye bei, na mkataba uzitaje.

Kodi ya mapato ya upangaji ni asilimia 7.5 ya pango lote unalopokea, bila kutoa matumizi, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa mfano huo ni shilingi 3,000 kila mwezi. Kodi za nyumba zipokelewe kwa namba ya Till; kwenye jedwali la simu weka mlango, tarehe, kiasi na mita ya maji. Ni kazi ya nusu saa kwa wiki.

3. Vipande vya mfuko wa majengo

Hapa unanunua sehemu ndogo ya mfuko unaomiliki majengo kwa niaba ya wawekezaji wengi. Havina keyateka wala bomba la kuziba, lakini kuviuza kunaweza kuwa kazi. Mfuko mmoja wa aina hii, Fahari, uliingia soko la hisa la Nairobi mwaka 2015 kwa shilingi 20 kwa kipande, ukaondolewa sokoni 2024. Weka pesa ambazo hutazihitaji karibuni.

4. Ploti ya kampuni iliyo chini ya hati mama

Hati mama ni hati moja ya shamba zima kabla halijagawanywa. Bei huvutia, lakini unapewa cheti cha hisa tu. Shamba likiwa na mkopo, au ugawaji ukikwama, mtakwama nyote. Ukishawishika kununua, fanya sachi ya hati mama yenyewe, na sehemu kubwa ya malipo isitoke mpaka hati yako itoke.

5. Nyumba ambayo bado ni mchoro

Kwa mara ya kwanza, iache.