Trent anarudi, elfu mbili: usiku mmoja kwenye kibanda cha mpira Busia

Ubao ulikuwa umeegemezwa kwenye nguzo ya mlango tangu asubuhi, maandishi ya chaki nyeupe: LIVAPOOL – MADRID. SAA 5 USIKU. TRENT ANARUDI. 2000. Kijana wa mlangoni ndiye huandika, na tahajia yake nimeshaizoea. Siku ya mechi za kawaida kiingilio ni elfu moja. Ile elfu ya pili ililetwa na hayo maneno TRENT ANARUDI, yaani beki Trent Alexander-Arnold aliyeihama Liverpool kwenda Real Madrid, na watu tukailipa.

Jina la kibanda nitaliacha, kwa sababu nina malalamiko na mwenyewe ananijua. Kiko upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, nyuma ya maegesho ya malori, ukifuata harufu ya chapati utafika. Mabati juu, mabati pembeni, benchi kumi na mbili za mbao, skrini mbili, na kona moja ya viti vya plastiki ambavyo kijana huviita VIP. Ninafanya klaringi, kazi ya kutoa mizigo forodhani, hapa mpakani, kwa hiyo vibanda vyote vya pande zote mbili nimevipitia. Hiki ninakirudia kwa sababu moja tu: mabishano yake yana mwenyewe.

Mwenyewe ni Hajati. Anakaa kwenye meza ya chai karibu na jenereta, kisu cha tangawizi mkononi, na mpira wenyewe sidhani kama unamhusu sana. Sheria yake ni moja: ukimtukania mtu mama yake, unanunulia benchi zima chai. Nimeona dereva mzima wa trela akihesabu vikombe tisa huku amenuna. Tangu hapo watu wanabishana kwa hoja, maana tusi lina bei.

Jumanne hiyo, tarehe 4 Novemba 2025, nilifika saa mbili na nusu, na kesi tayari imeanza. Televisheni ilikuwa imezimwa sauti. Mshtakiwa, Trent, hakuwepo, alikuwa Anfield, uwanja wa Liverpool, na jezi ya Real Madrid.

Aliyesimama wakati naingia ni dereva wa lori la mafuta kutoka Mombasa, mwenye jezi nyekundu iliyofifia mgongoni hadi namba haisomeki. "Mimi sina shida na kuondoka," akasema. "Kila mtu anaondoka. Shida ni vile ameondoka. Mwaka mzima mkataba unakwisha, anaulizwa, anatabasamu. Tunachukua ligi Aprili, tunacheza ngoma, wiki moja baadaye anatuambia naenda."

Tarehe zake zilikuwa sawa. Liverpool walichukua ubingwa tarehe 27 Aprili kwa kuwapiga Tottenham 5–1, na tarehe 5 Mei Trent Alexander-Arnold akatangaza kwamba mkataba ukiisha anaondoka. Wiki hiyo hiyo, mechi na Arsenal, akaingizwa kutoka benchi, uwanja wake mwenyewe ukamzomea.

Fundi pikipiki, shabiki wa Arsenal, mikono bado ina oili, akamjibu bila kusimama. "Kaka, huyu mtu ameingia pale ana miaka sita. Sita! Miaka ishirini umempikia mtu, akisema asante naenda kwangu, unamwita mwizi?" Kisha akaharibu hoja yake mwenyewe kwa kujisifu: kwamba wao Sol Campbell walimchukua kutoka Tottenham mwaka 2001 bila kutoa senti, na msimu wa 2003/04 wakabeba ligi bila kufungwa hata mechi moja. Ilikuwa raha kumsikiliza kwa sababu hakukuwa na shabiki wa Tottenham ndani. Sijawahi kumwona mmoja hapa Busia.

Hapo dereva akageukia mambo ya nyumbani, na hapa ndipo kibanda hiki kinavishinda vingine. Ng'ambo ya mpaka, kwenye vibanda vya Kenya, ungesikia Madrid na Liverpool mpaka asubuhi. Hapa watu wanavuka. "Nyinyi Waganda msinifundishe," akasema. "Walusimbi wenu, beki wetu wa kushoto pale Gor Mahia, mwaka 2018 akaenda Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini, ligi bado inachezwa. Tukabaki na pengo, na ubingwa tukachukua hivyo hivyo."

"Ukamzomea?" fundi akauliza.

"Nilimzomea nikiwa barabarani, Mtito Andei. Peke yangu. Ndani ya kabini."

Hajati alicheka mpaka akaweka kisu chini.

Mimi ni wa Liverpool, na kwenye kesi hii nilikuwa wakili wa utetezi. Nina sababu zangu. Miaka mitatu iliyopita niliacha ofisi ya klaringi iliyonifundisha kazi, nikaenda ofisi ya ng'ambo ya barabara. Nilimaliza mkataba, nikarudisha funguo na muhuri, na mpaka leo bosi wa zamani akiniona kwenye foleni ya forodha anatazama simu yake. Kwa hiyo nikasimama, nikasema hata wanaosema Trent aliondoka "bure", si kweli kabisa: Madrid walilipa kama euro milioni 10 ili wampate mwezi mmoja kabla mkataba haujaisha, awahi Kombe la Dunia la Klabu Juni.

Mzee muuza mitumba, ambaye huzungumza mara moja kwa usiku, akakohoa. "Milioni kumi kwa mwezi mmoja. Hiyo ni kodi ya nyumba." Watu walipotulia akaendelea: McManaman wa Liverpool alikwenda Madrid bure mwaka 1999, na mwaka uliofuata akafunga kwenye fainali ya Ulaya dhidi ya Valencia. Owen, naye wa Liverpool, akaenda huko huko mwaka 2004 kwa paundi milioni 8, na mwaka uliofuata Liverpool ikabeba kombe hilo la Ulaya Istanbul bila yeye. "Mmoja alipata, mwingine aliwaachia waliobaki wapate. Huyu tumpe muda." Akakaa. Kama kuna kibanda kingine ambacho mtu wa mitumba anakumbuka hayo bila kushika simu, nielekezeni.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni chenji. Kiingilio cha usiku huo kilikuwa shilingi elfu mbili za Uganda. Dereva ukitoa noti ya mia moja ya Kenya, ambayo kwa wabadilisha fedha wa pale nje ilikuwa elfu mbili na mia saba na kitu, kijana anaipokea, anaikunja, na hakuna kinachorudi. Ukiuliza anakwambia "utapata ukitoka." Ukitoka hayupo. Kwa mtu mmoja ni hela ya kuchaji simu. Kwa madereva thelathini ni hela ya kununua ubao mpya wenye tahajia. Nimeshamwambia Hajati mara mbili, akasema atalishughulikia.

La pili ni choo, na hilo silizungumzii zaidi. Ukuta wa nyuma unajieleza.

La tatu ndilo linaloniuma. Kibanda cha jirani, hatua ishirini tu kutoka hapa, kinapata picha sekunde tatu au nne kabla yetu. Sijui dishi lao limewekwaje, ila kila goli tunalisikia kabla ya kuliona. Kipindi cha kwanza hakikuwa na shida, Courtois, kipa wa Madrid, alikuwa anatoa kila kitu, jirani wanaguna, na sisi tunaguna baada yao kama mwangwi. Dakika ya 61, kwenye skrini yetu Szoboszlai bado anaupanga mpira wa adhabu, ukuta wa Madrid bado unasukumana, ghafla mabati ya jirani yakapigwa kama mvua ya mawe. Tukajua. Tukakaa tukisubiri kile tulichokwisha kukijua: mpira ukaja, Mac Allister akapanda, kichwa, wavuni. Tulishangilia, ndiyo, lakini ilikuwa kama kufunguliwa zawadi na mtoto wa jirani. Kwa elfu mbili nataka kushtuka mwenyewe.

Umeme nao ulikatika wakati wa mapumziko. Hili silihesabu kama kosa la kibanda. Jenereta iliwaka kwa mvuto wa tatu, na picha ilirudi kabla timu hazijatoka vyumbani. Tena kuna kitu kidogo kinachofanywa vizuri hapa: simu zote zinazochajiwa, kila moja na karatasi ya namba iliyofungwa kwa raba, zilichomolewa kabla jenereta haijawashwa na kurudishwa baada ya moto kutulia. Kwingine nimeunguliwa na chaja mbili.

Chakula: rolexi ya mlangoni, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, mayai mawili na kabichi nyingi, nyanya inakatwa ukiangalia. Usiku huo ilikuwa elfu tatu. Mwambie apunguze mafuta, atakusikia. Chai ya Hajati ina tangawizi ya kukutoa machozi, na kikombe anakijaza mpaka mdomoni. Kikomando, chapati na maharagwe, sikushauri baada ya saa nne, maharagwe yanakuwa yamebaki ya chini ya sufuria.

Zikiwa zimebaki kama dakika kumi, filimbi zikaanza kwa jirani. Si shangwe, ni ule mluzi mrefu wa vidole viwili. Kibanda kizima kikanyamaza, kila mtu anatazama pembeni mwa skrini kule wachezaji wa akiba wanakosimama. Kisha kwetu pia akaonekana: jezi nyeupe, anavuta soksi, anaangalia chini. Anfield ikamzomea. Dereva wa Mombasa hakuzomea. Alikaa, mikono magotini, akasema polepole, "Amekonda."

Na mimi, wakili wa utetezi, niliyerudisha funguo na muhuri, nilijikuta nimesimama juu ya benchi na vidole viwili mdomoni. Fundi aligeuka akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwa. Hakusema kitu. Hajati ndiye aliyeuliza kama kupiga mluzi nako kuwe na bei ya chai.

Ilikwisha 1–0, tukatoka karibu saa saba usiku, na bodaboda zilikuwepo mlangoni.

Nikipewa kumi, nawapa saba. Nenda na noti mbili za elfu za Uganda mkononi, usitoe ya Kenya. Kaa benchi ya nne upande wa kushoto, ya tatu ina msumari. Ukitaka kesi yenyewe, fika saa mbili. Ubao wa mechi inayofuata umeshaandikwa ASNAL, na fundi ameahidi kuoga.